Tulivyochagua Kichwa cha Treni ya Ndizi

Vijana wa karakana,

Mliponiaga, mmoja wenu aliniuliza kichwa cha treni kinachaguliwaje. Nilikuwa na keki mdomoni, nikamjibu kwamba kinachaguliwa kwa makini. Lile lilikuwa jibu la mtu anayetaka kumaliza keki yake. Sasa niko nyumbani Mwika, kati ya migomba na kahawa chache zilizobaki, na hakuna king'ora cha kuniita kazini. Nitajibu vizuri.

Niliingia karakana ya Moshi katikati ya miaka ya themanini, sabuni ikiwa ndiyo kwanza imerudi madukani. Nilikuwa msichana peke yangu upande wa mafundi. Ovaroli niliyopewa ilishonwa kwa ajili ya mwanamume mwenye mwili wa watu wawili, na nilipotembea ilinifuata nyuma kidogo. Foremeni alikuwa Mzee Hassani, mzaliwa wa Majengo, ambaye baba yake alihudumia injini za mvuke pale pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Felista."

"Felista, wale waliokuleta wameniambia una cheti. Hilo nimelisikia. Wewe masikio unayo?"

Hakungoja jibu. Alinikunjia mikono ya ovaroli, akaifunga kwa waya, akanipa nyundo yenye mpini mrefu. Tukatembea kandokando ya mabehewa, yeye akigonga gurudumu moja, mimi lingine. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti fupi, butu, kama chungu kilichopasuka. Siku ile yote yalilia vizuri, nikamwambia kazi hii naona ni nyepesi. Akasema, "Ni nyepesi mpaka siku utakaposikia jingine." Alinigongesha magurudumu kwa miezi kabla hajaniruhusu kugusa breki, na kwenye breki alinikalisha miaka. Simlaumu. Injini ikigoma, abiria wanachelewa na kutukana. Breki ikigoma, hakuna anayebaki wa kutukana.

Sasa niwaeleze treni yetu ilivyokuwa. Treni ya abiria ilitoka Moshi, ikashuka Kahe, ikapita Lembeni na Same, ikateremka hadi Korogwe, kisha ikarudi. Vichwa vyenye nguvu vilipelekwa kwenye mizigo. Abiria walipewa kichwa kilichobaki, kama mtoto wa mwisho anavyorithi shati la kaka zake. Kikiharibika njiani, na kiliharibika sana, watu walishuka, wakawasha moto, wakapika. Nimewahi kutumwa kwenda kutengeneza kichwa karibu na Lembeni, nikakuta abiria wamekwisha kula, wamekwisha kusali, na kina mama wawili wamekwisha kupatana posa ya watoto wao.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Mabasi ya watu binafsi yakajaa barabarani, mapya, yenye muziki, na kwa mwenye begi moja treni haikuwa na maana tena. Waliobaki kwetu ni wenye mizigo, hasa kina mama waliotoa ndizi huku mlimani kupeleka tambarare, wakarudi na mchele, vitunguu na mahindi. Makondakta hawakuwataka. Mkungu unatoa utomvu, utomvu unachafua viti. Shirika nalo lilichoka kupata hasara. Tukaletewa uamuzi kutoka makao makuu: tafuteni kichwa na mabehewa yanayoweza kujiendesha bila kutia hasara, la sivyo treni ya abiria ya mkoa itafungwa.

Kazi hiyo akapewa Injinia Lyimo. Alikuwa kijana wa Masama, aliyesomea vichwa vya treni ng'ambo. Alikuwa mpole wa maneno, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza hadi ajibiwe, jambo linalosumbua sana watu waliozoea mikutano. Alichagua watu watatu wa kufanya naye kazi: Mzee Hassani kwa upande wa injini, mimi kwa mabehewa na breki, na dereva Kalisti, kwa sababu, alisema, ndiye atakayelaumiwa chochote kikitokea.

Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuomba kichwa kikubwa kutoka kwenye mizigo. Hiyo tuliiacha mapema. Madaraja yetu ni ya zamani na reli ni nyembamba. Kichwa kile kingelazimika kutambaa kila darajani. Tena kinakunywa dizeli hata kikiwa kimesimama. Kukitumia kuvuta mabehewa machache ni sawa na kwenda kisimani na trekta kuchota ndoo moja.

Ya pili ilikuwa ya kisasa. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inauza mabehewa yaliyotumika, yenye injini zake chini ya sakafu. Hayahitaji kichwa. Dereva anakaa mbele, na akifika mwisho anatembea hadi upande wa pili na kurudi. Ni mepesi, yana mbio, yanatumia mafuta kidogo. Injinia Lyimo aliyapenda, na sababu zake zilikuwa nzuri. Mzee Hassani aliyapenda. Mimi niliyapenda kuliko wote, maana niliziona picha za viti. Meneja kutoka makao makuu aliyapenda kiasi kwamba alianza kuyasimulia kwa watu kabla hayajafika.

Ya tatu ilikuwa aibu kuitaja: vichwa viwili vya wastani vilivyolala mwisho wa yadi, kimoja kimekufa injini, kingine kimeng'olewa vipuri hadi kuku wakataga ndani.

Injinia Lyimo aliandika kwamba tununue mabehewa yale ya ng'ambo, ila kwanza lije moja la majaribio. Wakati tunalisubiri, akasema, "Haya, twendeni tukasafiri." Tukapanda daraja la tatu, sisi wanne, na mizani ya kupimia magunia. Pale Moshi alikuwapo Mama Aikande, mfanyabiashara wa ndizi, mtu wa Mwika kama mimi, mwenye sauti ambayo gadi alikuwa akiisikia na kujifanya ana kazi upande wa pili wa treni.

"Shikamoo, mama," Injinia akamwambia. "Naomba kupima mikungu yako."

"Marahaba, baba. Unainunua?"

"Hapana. Nataka kujua uzito wa kile unachosafiri nacho."

"Kwa nini?"

"Tunachagua treni mpya. Nikikosea uzito, itashindwa kupanda."

Mama Aikande akaisogelea mizani. Kisha akashika upande mmoja wa mkungu mwenyewe akamsaidia kuutundika. Walipima mizigo yake yote, na Injinia akachafuka utomvu shati zima, ambao hautoki, kama mnavyojua. Njiani akamwonyesha picha za mabehewa mapya. Mama akaifuta mikono kwenye kanga, akaishika picha.

"Ni mazuri," akasema. "Sasa ndizi zitakaa wapi? Kwenye sofa?"

Injinia hakucheka. Akamuuliza mlango ungehitaji kuwa na upana gani, naye akapanua mikono yake, na mimi nikapima kwa futi ya kamba kutoka kiganja hadi kiganja. Kipimo kile ndicho tulichokuja kukitumia.

Behewa la majaribio lilipofika, mji mzima ulikuja kulitazama. Lilikuwa na rangi safi na kelele ndogo. Wakala wa kampuni alikuwa mtu mstaarabu, alileta pipi za watoto. Kuliunganisha na behewa letu la mizigo haikuwezekana: breki zetu zilifanya kazi kwa kunyonya hewa kwenye bomba, za kwake kwa kusukuma hewa, na ukiunganisha mifumo hiyo miwili hakuna kinachoshika. Basi Injinia akaagiza tupakie ndani magunia ya mchanga yenye uzito wa abiria na ndizi zao, kama tulivyopima.

Kushuka kulikuwa raha tupu. Tulifika Same tukiwa tumekaa kama maharusi. Kurudi ndiko kulikotufundisha. Jua la tambarare lilikuwa kali, vumbi likaingia kwenye radieta zilizokuwa chini karibu na ardhi, na tulipoanza kupanda kutoka Kahe kuelekea Moshi, mshale wa joto ukapanda pamoja nasi. Kalisti akapunguza mwendo. Mshale haukushuka. Injini moja ikajizima yenyewe, jinsi ilivyotengenezwa kujilinda, kisha ya pili. Tukasimama katikati ya mashamba ya miwa, kimya kabisa.

Wakala akasema, "Tatizo ni mzigo. Toeni magunia, litapanda."

"Litapanda," Injinia akakubali. "Na ninyi kule kwenu mlilitumia kwa abiria wenye mabegi, katika nchi ya baridi. Huko ni behewa zuri sana. Sisemi ni baya."

Alishuka, akalala chini ya behewa na suti yake ya kazi, akazitazama zile radieta kwa muda mrefu. Alipotoka uso ulikuwa umebadilika. Nilielewa. Barua ya kuyapendekeza ilikuwa na sahihi yake.

Kikao na Meneja kilifanyika ofisini Moshi. Tuliitwa wote wanne, na sijasahau jinsi Injinia alivyosimama, ingawa wengine wote walikuwa wameketi.

"Mzee, mimi ndiye niliyeandika kwamba mabehewa yale yanatufaa," alisema. "Nimeyaona yakipanda. Hayatufai. Naomba tusiyanunue."

Meneja akamwambia kwamba jambo hilo limekwisha kusemwa kwa watu wakubwa. Akamuuliza kama anajua maana yake kwa kazi yake.

"Najua."

"Na badala yake unanipa nini?"

Injinia akamgeukia Mzee Hassani. Mzee Hassani akakohoa. "Tuna vichwa viwili vibovu pale yadi," akasema. "Nadhani ndani yake kuna kimoja kizima."

Meneja alitutazama mmoja mmoja kama daktari anayetafuta nani mwenye homa. Mwishowe akasema tutengeneze, ila kisipokuwa tayari kabla ya mvua za masika, atafunga huduma, na jina litakaloandikwa chini ya kufungwa huko ni la Injinia Lyimo. Injinia akasema sawa, akamshukuru, akatoka nje akanywa maji glasi mbili mfululizo.

Vijana, nimefanya kazi na watu wengi wenye akili. Walio tayari kusema "nilikosea" mbele ya mkubwa, kabla hasara haijaonekana na wakati bado kuna njia ya kukaa kimya, nimekutana na mmoja.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote ya kazi yangu. Tulifukuza kuku. Mzee Hassani alifungua injini zote mbili, akazitandaza sakafuni kwenye magunia, akawa anatembea kati ya vipande kama mtu anayechagua mbegu. Hiki kizima, hiki cha kusaga, hiki cha kutupa. Injinia alikuwa na vitabu na vipimo, Mzee alikuwa na vidole, na walipotofautiana walipima tena. Mara nyingine kitabu kilishinda, mara nyingine vidole, na sikuwahi kuwasikia wakikumbushana. Kichwa kilipokamilika mafundi walikiita Mjukuu, kwa sababu kilizaliwa na wazee wawili.

Kilikuwa chepesi kwa madaraja. Radieta yake ilikuwa juu, mbali na vumbi. Na breki zake zilikuwa za kunyonya hewa kama za mabehewa yetu. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la keki, kwa sehemu kubwa: kichwa hakichaguliwi peke yake. Unaanza na anayepanda na anachobeba, unafuata mlima, daraja, joto, breki za kile kitakachovutwa nyuma, na fundi atakayekitengeneza kikiharibika. Ukishamaliza hayo, utakuta vichwa vingi vizuri vimejiondoa vyenyewe, na kilichobaki wala si kizuri sana kwa sura.

Mimi nilibaki na mabehewa. Behewa moja la daraja la tatu tulitoa nusu ya viti, tukapanua milango kwa kipimo cha mikono ya Mama Aikande, tukaweka vyuma vya kutundika mikungu na sakafu ya kuoshwa kwa maji. Tuliweka tangi la maji ya kunywa, na benchi la pembeni kwa wenye watoto wachanga. Kina mama wakaliita "kihamba", jina la shamba la nyumbani, kwa jinsi lilivyojaa migomba.

Siku ya safari ya kwanza Meneja alikuja na behewa lake la wakubwa, lenye mapazia na meza, lifungwe nyuma ili asafiri nasi hadi Same. Jukwaa lilijaa. Padri alikuja akabariki, shehe akaomba dua. Mikungu ilikuwa imekwisha kutundikwa. Mimi nikapita na nyundo yangu, kazi ya kawaida, huku kwaya ikiimba.

Nilipogonga gurudumu la nyuma la kihamba, nilidhani ni kelele za watu. Nikagonga tena. Chungu kilichopasuka. Nikainama nikatazama, sikuona kitu. Nikamwomba kiongozi wa kwaya anyamazishe watu wake, nikagonga mara ya tatu, na jukwaa zima likasikia, ingawa si wote walioelewa.

Nilikwenda kwa Injinia. "Kihamba haliondoki," nikamwambia.

Hakuniuliza kama nina hakika. Aliniuliza ni gurudumu lipi. Meneja ndiye aliyeuliza kama nina hakika, na kama ninaona watu waliopo, na kama gurudumu hilo haliwezi kufika Same tu. Nikamwambia linaweza kufika. Linaweza pia lisifike, na kina mama wamekaa juu yake.

"Huu ni mlio tu," akasema. "Mimi sioni ufa."

"Basi tuuone," Injinia akasema. Aliomba mafuta ya taa na chaki. Akalipaka gurudumu mafuta, akayapangusa hadi likawa kavu, akasaga chaki akapaka juu yake. Halafu akakaa kwenye ukingo wa jukwaa na kusubiri, nasi tukasubiri. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yakaanza kutoka polepole na kuilowesha chaki. Mstari ukajichora, mwembamba, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Meneja aliinama akautazama. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine, na nampa sifa yake: hakusema neno zaidi juu ya kuchelewa.

Kalisti alikuwa ameshuka kwenye kichwa na kuja kusimama karibu nami. "Liondoeni," alisema, "nami nitawasha."

Tatizo likabaki ndizi. Tukiliacha kihamba, hakuna pa kuziweka, na zikilala stesheni siku kadhaa zitaiva. Kina mama walikuwa wameanza kushusha mikungu yao bila kulalamika, na ukimya wao uliniumiza kuliko kelele. Ndipo Mama Aikande akamwendea Meneja na mkungu begani.

"Baba," akasema kwa adabu kabisa, "lile behewa la mwisho lenye mapazia, lina watu wangapi?"

Meneja akatazama behewa lake. Akatazama jukwaa. Kisha akavua koti, akampa msaidizi wake, na kusema, "Toeni meza."

Hivyo ndivyo Mjukuu alivyofanya safari yake ya kwanza, akivuta behewa la wakubwa lililojaa ndizi hadi madirishani, na Meneja amekaa kwenye benchi la daraja la tatu kati ya Mama Aikande na mtoto wa mtu, akila karanga. Kurudi, pale Kahe, tulisimama sote nyuma ya Kalisti kuangalia mshale wa joto. Tulipanda na mchele, vitunguu, watu na mbuzi mmoja asiye na tiketi. Mshale ulisogea kidogo, ukatulia, ukabaki hapo hadi Moshi. Mzee Hassani alikuwa ameshika tasbihi mfukoni. Tulipoingia stesheni aliitoa akaniambia, "Nilikuwa naihesabu injini," nikajifanya nimeamini.

Treni ile ilitembea miaka. Haikutajirisha shirika, lakini haikulitia aibu. Mzee Hassani alistaafu, na tulimzika Moshi mjini, mafundi tukibeba jeneza kwa zamu, Wakristo na Waislamu. Injinia Lyimo alihamishiwa mbali, na kila alikokwenda niliambiwa kwamba alianza kwa kupanda daraja la tatu na mizani. Baadaye barabara ziliboreshwa zaidi, malori madogo yakaanza kufuata ndizi hadi vijijini kwetu, reli ikachakaa pasipo mtu wa kuibadilisha, na siku moja tukaambiwa treni ya abiria inasimama. Sikuona wa kumlaumu. Kina mama wenyewe walikuwa wamepungua. Mama Aikande alikuwa na mtoto mwenye lori.

Safari ya mwisho ya Mjukuu aliiendesha Kalisti, akiwa amebakiza muda mfupi astaafu. Nilimngoja jukwaani Moshi jioni, jua likiwa bado kwenye theluji ya mlima. Aliingia polepole, akasimama pale pale alipokuwa akisimama siku zote, akaiacha injini inguruke muda kidogo, kama inavyotakiwa ili ipoe vizuri. Kisha akazima. Aliteremka, akafuta mikono kwa kitambaa, akanikabidhi funguo.

"Nimekizima kikiwa kizima, Felista," akasema.

Nilimshika mkono, tukaenda kunywa chai.